Kujionea kwa Masikio: Mwongozo kwa Mgeni wa Postmotamu

Mwongozo huu una msomaji mmoja tu: yule ambaye, watu wakiwa wamekaa msibani na mtu akatamka "tunangoja postmotamu", hutikisa kichwa kama anayejua. Ni wewe. Usione haya. Nusu ya waliokaa chini ya turubai wanatikisa kichwa vilevile, na nusu nyingine wameshajua tangu jana usiku marehemu kafa kwa nini, nani kahusika, na mke mdogo alikuwa wapi. Hao wa pili ndio wa kujihadhari nao.

Tuanze na jina, maana ndipo mgeni anapojikwaa kwanza.

Postmotamu ni maneno mawili ya Kilatini yaliyobanwa yakawa moja, na maana yake ni "baada ya kifo". Basi. Hakuna kisu ndani yake, hakuna daktari, hakuna hata maiti. Waingereza walikuwa wakisema "uchunguzi wa baada ya kifo", wakaona mrefu, wakakata neno uchunguzi na kubakiza mkia, nasi tukaupokea mkia kama ulivyo. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya mazishi anayetangaza kwamba postmotamu itafanyika kesho saa nne ametangaza, kwa hesabu kali, kwamba baada ya kifo itafanyika kesho saa nne. Mwache. Neno limeshazoeleka kiasi kwamba siku ya pili ya mechi ya Simba na Yanga watu hufanya postmotamu kijiweni, na kila baada ya uchaguzi vyama hufanya ya kwao. Hapo hakuna maiti, ingawa mashabiki wa timu iliyofungwa wanaweza kukubishia.

Jina la pili, otopsia, ndilo lenye mtego. Ni la Kigiriki: autos ni mwenyewe, opsis ni kuona. Mgeni akiliunganisha haraka hupata picha ya maiti inayojitazama, na mgeni mwenye wasiwasi zaidi hudhani ni jambo mtu anajifanyia. Mwenye macho hapa ni mchunguzi. Neno lilikuwa na maana ya kujionea kwa macho yako, bila kusimuliwa, na mwanzoni halikuhusu wafu kabisa.

Waliolipa heshima katika utabibu ni kundi la matabibu wa Kigiriki walioitwa Waempiriki, lililoanzia Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Hawa walisema elimu ya tabibu inasimama kwa miguu mitatu. Wa kwanza ni otopsia, yaani alichokiona mwenyewe kwa wagonjwa wake. Wa pili ni historia, yaani walichokiona wengine wa kuaminika wakamsimulia. Wa tatu ni kulinganisha: ukikutana na ugonjwa mgeni, tazama unafanana na upi unaoujua. Sasa sikia kioja. Waempiriki hao hao hawakutaka maiti zipasuliwe. Walidai kwamba mwili uliokufa unakufundisha habari za mwili uliokufa, na kwamba ukishaufungua umeshaharibu ulichokuja kukitazama. Waliopasua ni wenzao wa mji uleule, Herophilus na Erasistratus, na mwandishi wa Kirumi Celsus anasimulia kwamba hawakuishia kwa wafu. Walipasua pia wafungwa waliopewa na mfalme wakiwa bado wanapumua. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa kupasua maiti lililelewa na watu waliokataa kupasua maiti. Msomi wa ukoo akianza kukuringia kwa Kigiriki, mpe hiyo. Atanyamaza mpaka chakula cha mchana.

Kwa karne nyingi baadaye, mwandishi wa Ulaya aliweza kutumia neno hilo kwa jambo lolote aliloliona mwenyewe. Madaktari wakaliongezea "ya maiti" ili lieleweke, kisha, kama Waingereza na mkia wao, wakaidondosha nyongeza. Lipo na jina la tatu, nekropsia, "kuona maiti", ambalo kwa haki ndilo lililopaswa kushinda. Likapewa madaktari wa mifugo. Ukisikia nekropsia, uwezekano mkubwa aliyekufa ni ng'ombe au tembo.

Shika hilo la kujionea mwenyewe. Utalihitaji, kwa sababu kuanzia hapa kila utakayekutana naye hajaona kitu, na kila mmoja anajua.

Wataalamu wa chini ya turubai

Wa kwanza ni shangazi mwoshaji. Huyu usimdharau, yeye angalau ameona. Shida ni anachofanya na alichokiona. Amemgeuza marehemu ubavu, akakuta mgongo umeiva rangi ya zambarau kuanzia mabegani hadi kiunoni, na katikati ya zambarau ile mabaka meupe. Anatoka nje, anafuta mikono kwa kanga, anasema kwa sauti ya chini inayosikika nyumba tatu: "Mwanangu amepigwa. Huu ni mkono wa mtu."

Jibu lake liko kwenye uzito wa damu. Moyo ukisimama, damu haisukumwi tena. Hushuka ikajaa upande wa chini. Aliyelala chali damu humshukia mgongoni, aliyejinyonga humshukia miguuni na mikononi. Rangi huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili, hukolea, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi haihami tena hata ukimgeuza. Mabaka meupe ni pale mwili ulipobanana na kitanda, kwenye mabega na kwenye makalio. Mishipa ilibanwa, damu haikupata pa kuingia. Mchunguzi akiwa na shaka kama ni pigo, hupasua ngozi kidogo mahali pale. Damu ya pigo imevuja na kuganda ndani ya nyama, ukiimwagia maji haitoki. Damu iliyoshuka bado imo mishipani, huoshwa ikaenda.

Ila usifike mahali ukamcheka shangazi. Marehemu akikutwa amelala kifudifudi huku zambarau yote iko mgongoni, kuna mtu alimgeuza saa nyingi baada ya kufa, na mtu huyo anapaswa kutafutwa. Shangazi akiona hivyo, apelekwe kwa mpelelezi na maelezo yake yaandikwe.

Povu puani nalo lina sifa mbaya kuliko linavyostahili. Kila povu msibani ni sumu. Kwa daktari, povu ni maji yaliyojaa kwenye mapafu yakachanganyika na hewa, na huletwa na mambo mengi: moyo ulioshindwa kusukuma damu, kuzama majini, dawa za kulevya zilizozidi, na ndiyo, baadhi ya sumu. Maji meusi yanayotoka mdomoni siku ya tatu mara nyingi ni gesi ya kuoza inayosukuma kilichomo tumboni. Na kucha hazioti kaburini. Ngozi hukauka ikarudi nyuma, kucha ikabaki pale pale ikionekana imerefuka.

Wa pili ni kijana wa tamthilia. Ameangalia misimu yote. Atakuuliza mbona daktari hajasema marehemu kafa saa ngapi, kwani kule kwenye runinga mtaalamu huinama, hugusa shingo, husema "kati ya saa nane na saa nane na nusu". Mwambie mwili hukakamaa kuanzia taya baada ya saa mbili hadi nne hivi, hukakamaa wote kufikia kama saa kumi na mbili, kisha hulegea tena baada ya siku moja na nusu au mbili, na kwamba hesabu hizo zote huvurugwa na joto, unene, nguo, na alichokuwa akifanya kabla. Maiti ya Dar es Salaam mwezi wa Februari na maiti ya Makete mwezi wa Julai hazifuati saa moja. Daktari mwaminifu hutaja masafa mapana kiasi cha kumkera kijana. Akikutajia dakika, mtilie shaka yeye.

Wa tatu ni mjomba aliyewahi kufanya kazi hospitalini. Usiulize kitengo gani. Yeye anayo sababu ya vifo vyote: "Moyo ulisimama." Hajakosea hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzikwa moyo wake ukidunda. Kusimama kwa moyo ndiko kufa kwenyewe, na Shirika la Afya Duniani huwakataza madaktari kukuandika peke yake kama sababu. Fomu ya cheti inataka mnyororo: mstari wa juu kilichomaliza, chini yake kilicholeta hicho, chini yake kilicholeta kile, mpaka ufike kwenye mzizi. Mtu amegongwa na bodaboda, akavunjika paja, akalazwa wiki tatu, akapata nimonia, akafa. Mjomba atasema moyo, muuguzi atasema nimonia, na cheti kilichojazwa vizuri kitahesabu ajali ya barabarani.

Hili la kuutafuta mzizi lina mzee wake. Mwaka 1761, Giovanni Battista Morgagni, profesa wa Padua nchini Italia, alichapisha kitabu kikubwa akiwa na miaka 79. Ndani yake mlikuwa na karibu watu 700: walivyougua, kisha alichokikuta alipowafungua. Kabla yake, madaktari wengi walieleza ugonjwa kwa majimaji ya mwili kukosa mizani. Yeye aliuliza ugonjwa umekaa wapi, akaonyesha kwa kidole. Mjomba wetu bado yuko kwenye majimaji.

Wa nne husema polepole, akiangalia pembeni: "Wamemchukua figo." Uvumi huu una miguu kuliko ukweli wowote utakaousikia msibani, na kila aliyeona mshono tumboni huuthibitisha. Figo ya kupandikizwa hutolewa kwa mtu ambaye damu yake bado inazungushwa, au dakika chache tu baada ya moyo kusimama, kwenye chumba cha upasuaji, na inatakiwa iwe ndani ya mgonjwa mwingine kwa muda wa saa ishirini na nne, thelathini na sita hivi. Figo ya marehemu aliyefika mochwari Ijumaa na kufunguliwa Jumanne haina kazi kwa mgonjwa yeyote duniani. Kuna jambo halisi la kuuliza badala yake: ni vipande gani vimechukuliwa kwa ajili ya vipimo, na vitarudishwa au vitateketezwa? Uliza hilo. Ni haki yako kupewa jibu, na hutasikika kichaa.

Sindano ya mochwari

Huu ndio ushauri wenye faida kuliko wote humu, na ndio watu wanaoukosa. Kifo kikiwa na utata, usikubali mwili uchomwe dawa ya kuhifadhi kabla ya daktari kuuona. Mhudumu wa mochwari atakuja kwa upole kuuliza kama mwili ukae siku nyingi, nawe kwa uchungu utasema "fanya tu". Dawa ile, ambayo msingi wake ni fomalini, husukumwa kwenye mishipa ikasukuma damu nje. Damu hiyo ndiyo ambayo Mkemia Mkuu wa Serikali angetaka kuipima. Pombe, sumu nyingine za kuyeyuka, baadhi ya dawa: zote huchafuka au hupotea. Baadaye ndugu wale wale waliosema "fanya tu" watasimama kudai majibu ya sumu yamefichwa. Jokofu linatosha kwa siku chache. Ukikuta jokofu limeharibika, jambo ambalo katika mochwari zetu si la kushangaza, omba daktari achukue damu kwanza.

Kuhusu ruhusa, jua kwamba kuna postmotamu za aina mbili. Ya hospitali hufanywa kwa sababu madaktari wanataka kujua ugonjwa uliwashinda wapi. Hiyo inahitaji idhini ya familia na unaweza kuikataa. Ya kisheria huagizwa na dola pale mtu alipouawa, alipojiua, alipopata ajali, alipofia mahabusu au alipokufa ghafla bila maelezo. Hiyo haikuombi ruhusa, hata baba wa marehemu akilala mlangoni. Kenya walipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya makorona, maofisa wa kuchunguza vifo vya namna hiyo. Miaka mitatu baadaye neno lilipata ushindani usiostahili, na hadi leo ukimwambia mtu kwamba korona anakuja kuchunguza kifo, atatafuta barakoa.

Mgeni Mwislamu atakuwa na haraka, na haraka yake ina msingi: maiti huzikwa upesi, na hadithi inayokataza kuvunja mfupa wa maiti inajulikana na kila mtu. Wanazuoni wa Misri na wa Saudi Arabia wameshatoa fatwa za kuruhusu uchunguzi pale haki ya kisheria au hatari ya maradhi inapoulazimisha, kwa kiasi kinachohitajika tu. Ulaya kuna njia ya tatu. Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kilikuwa mstari wa mbele kuchunguza maiti kwa skani bila kisu, na nchini Uingereza familia za Kiislamu na za Kiyahudi hulipia huduma ya namna hiyo ili zizike mapema. Skani huona vizuri mifupa iliyovunjika, risasi na damu iliyovuja kichwani. Katika baadhi ya vifo vya moyo hubahatisha. Na kwetu, foleni ya skani ya walio hai bado haijaisha.

Mlango uliofungwa

Ndugu mmoja au wawili wataitwa ndani kumtambua marehemu mbele ya daktari na polisi. Usiende wewe kama unajua miguu yako. Huko Kenya, familia yenye uwezo mara nyingi huleta mwanapatholojia wake, yaani daktari wa kuchunguza maiti, asimame mezani pamoja na wa serikali, na kwa kesi yenye mvutano ni fedha iliyotumika vizuri kuliko ya jeneza.

Wakishamtambua, mlango hufungwa, na hapo wa nje huanza kuwaza mambo mabaya kuliko yanayofanyika. Kwanza daktari hakati chochote. Hutazama nguo zikiwa bado mwilini, hupima urefu, huandika makovu, alama za sindano, kucha, viganja, nyuma ya masikio. Hupiga picha. Katika kifo cha kutatanisha, sehemu hii huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Kisha mkato huanza kwenye mabega yote mawili, hukutana kifuani, hushuka hadi chini ya tumbo ukikwepa kitovu. Mbavu hukatwa pale penye gegedu, na ubao wa kifua huinuliwa kipande kimoja. Viungo hutolewa kimoja kimoja, mtindo wa Rudolf Virchow wa Berlin, au kwa mafungu, kutegemea daktari alivyofundishwa.

Kisha vinapimwa, na mizani ile ina siri nyingi. Moyo wa mtu mzima ni gramu 300 hivi. Ini, kilo moja na nusu. Ubongo, kilo moja na gramu mia tatu au nne. Moyo ukisoma gramu 550, ukuta wake wa kushoto ukiwa mnene kupita kiasi, daktari ameshajua kuna presha iliyofanya kazi miaka mingi, ile ambayo marehemu aliwaambia watoto kuwa ni uchovu tu. Akiipasua mishipa ya moyo vipande vyembamba atakuta pale palipoziba. Kwa kichwa, ngozi hukatwa kutoka nyuma ya sikio hadi nyuma ya sikio la pili ikipitia utosini, hukunjwa mbele, na fuvu hukatwa kwa msumeno. Mwisho kila kitu hurudishwa na mwili hushonwa kwa mshono mpana kama wa gunia la mkaa. Si mzuri kutazama, lakini nywele huficha wa kichwani na sanda huficha uliobaki. Yote hayo ni kazi ya saa moja hadi tatu.

Kuna wakati chumba hiki ndicho kilichokuwa kinaua. Hospitali Kuu ya Vienna, miaka ya 1840: wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja wodi ya wazazi kuwapima akina mama, kwa mikono ileile. Mwaka 1846, katika wodi yao walikufa zaidi ya akina mama 11 kwa kila 100. Wodi ya pili, ya wakunga wasiopasua maiti, vifo vilikuwa vichache mno kuliko hivyo, na wanawake wa mjini walilijua hilo wakawa wanalia wasipelekwe kwa madaktari. Mwaka 1847 daktari Jakob Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa uchunguzi, akafa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis akasoma kilichoonekana alipofunguliwa, akakuta ni kilekile kilichoonekana kwa akina mama. Akaamuru kunawa kwa maji ya klorini, na mwaka 1848 vifo vilikuwa chini ya 2 kwa 100. Wakubwa wake wengi hawakumshukuru. Ni vigumu kumshukuru mtu anayekwambia ulikuwa unaua kwa mikono yako mwenyewe.

Ripoti

Mlango ukifunguliwa, daktari atasema maneno machache. Hayo ni majibu ya macho. Vipande vidogo vya viungo vimeingia kwenye fomalini. Vitagandishwa kwenye nta, vitakatwa vyembamba kuliko karatasi, vitatiwa rangi, vitasomwa kwa hadubini. Damu, mkojo, ini na kilichokuwa tumboni vinakwenda kwa Mkemia. Hesabu wiki, na usishangae zikigeuka miezi. Katika kipindi hicho kundi la WhatsApp la ukoo litatoa ripoti tatu kamili.

Usidhani wingi wa majeraha hurahisisha kazi. Julius Caesar alipochomwa visu katika baraza la Roma mwaka 44 kabla ya Kristo, tabibu Antistius alihesabu majeraha 23, na kwa maelezo ya mwanahistoria Suetonius aliona moja tu ndilo lililoua, la pili, la kifuani. Wauaji waliobaki walimchoma mtu ambaye tayari alikuwa anakufa. Vuta picha ya mabishano ya matanga yale.

Ripoti ikija, soma maelezo ya kilichoonekana kabla ya hitimisho, na linganisha. Septemba 1988, Julie Ward, mpiga picha Mwingereza wa miaka 28, alipotea Maasai Mara. Maelezo ya mwanzo yaliwatupia lawama wanyama. Baba yake, John Ward, hakukaa kwao kungoja barua. Alipanda ndege, akaja, akawa porini na watafutaji mpaka mabaki yakapatikana. Daktari aliyeyachunguza Nairobi aliandika kuwa mfupa ulikatwa na kitu chenye makali. Ripoti ilipofika kwa mkubwa wake maneno yakabadilishwa, yakaelekea kwenye meno ya mnyama. Austin Gresham, profesa wa Cambridge, alipoyachunguza upya alirudi kwenye makali, na mwaka 1989 hakimu wa Nairobi aliona kuwa ni mauaji. Waliofikishwa mahakamani baadaye wote waliachiwa. Kuna kisu cha kupasulia na kuna kalamu, na mgeni huogopa kisu peke yake.

Wala usidhani postmotamu ni ya kuwaumbua ndugu tu. Katika Hospitali Kuu ya Maputo, Msumbiji, watafiti waliwafungua akina mama 139 waliofariki kwa uzazi kati ya 2002 na 2004, wakalinganisha na walichoandika madaktari kwenye mafaili. Katika vifo 40 hivi kwa kila 100, ugonjwa ulioandikwa haukuwa ulioua, tena kwa kosa kubwa. Miongoni mwao walikuwemo wenye maambukizi yanayotibika waliotibiwa kifafa cha mimba. Hospitali isiyofungua maiti huwa na madaktari wanaojiamini sana.

Ya kusimuliwa

Sasa kioja cha mwisho. Wengi wetu hufia nyumbani, mbali na mwanapatholojia, na serikali bado inataka kujua tunakufa kwa nini ili ijue pa kupeleka dawa. Kwa hiyo ipo otopsia isiyo na maiti wala kisu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioifanya mapema kwa watu wazima, kwa mradi ulioanza 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wiki kadhaa baada ya matanga, mdodosaji hubisha hodi, hutoa pole, hukaa na mtu wa familia, huuliza. Homa ilikuwa ya siku ngapi? Alikohoa? Makohozi yalikuwa na damu? Alikonda? Miguu ilivimba? Alikuwa akiamka usiku kwa kiu? Majibu yalikuwa yakisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana aliitwa wa tatu. Siku hizi programu za kompyuta hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wazungu wameiita otopsia ya maneno, yaani kujionea kwa kusikia. Waempiriki wa Aleksandria wangeirudisha haraka kwenye mguu wa pili, historia, na wangekuwa na haki. Lakini hufanya kazi, hasa kwa ajali, uzazi na magonjwa yenye dalili za wazi, na huyumba kwa yale yanayofanana: homa ya malaria na homa nyingine, kwa mfano, hata daktari aliyekuwepo angeweza kuzichanganya.

Mdodosaji akija kwenu, mjomba atataka kujibu. Atavaa koti. Atasema moyo ulisimama, na asipozuiwa ataeleza pia habari za mke mdogo, ambazo fomu ina nafasi yake mwishoni, kwenye maelezo huru. Mpeni chai. Anayetakiwa kujibu ni yule aliyelala chini pembeni ya kitanda cha mgonjwa, akamwaga beseni, akahesabu vidonge, mara nyingi binti wa miaka kumi na tisa ambaye msiba mzima alikuwa jikoni na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwiteni. Mdodosaji ana maswali mengi, na atahitaji kama saa moja na mahali penye kivuli.